Siku Wazazi Wangu Walipokuwa Watalii

Uongo wa baba uligunduliwa kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Brazil aliyesahau miwani yake kwenye gari.

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya safari kwenye mtaa wa Caracoles, hapa San Pedro de Atacama, mji wa jangwani kaskazini mwa Chile, na baba yangu, Severino Puca, ndiye dereva wetu mkongwe kuliko wote. Kwa miaka thelathini na moja amewapeleka watalii Bonde la Mwezi, kwenye chemchemi zinazorusha mvuke, kwenye flamingo, na kwenye lile ziwa la chumvi ambalo mtu akilala juu yake maji yenyewe yanakataa kumzamisha. Siku hiyo mama naye alikuwepo ofisini. Alikuwa ameleta empanada, sambusa zetu za kuoka, za jibini la mbuzi anazowapikia abiria wa baba kila siku, na kikapu kilikuwa bado mkononi mwake yule Mbrazil, aliyekuja kuchukua miwani yake, alipoivaa na kusema:

"Yule mzee wenu alisema kweli. Kulala kwenye lile ziwa ni kama kulala kwenye godoro la manyoya ya lama alilotandika bibi yake. Hata mimi nimelihisi hilo godoro!"

Mama akaweka kikapu chini taratibu. "Severino aliingia ziwani lini?"

"Lini hakusema," mgeni akajibu. "Ila anaonekana analijua vizuri."

"Sana," mama akasema. "Anajua sana kusema."

Mchana ule tulikula supu ya mahindi na nyama. Mama, ambaye jina lake ni Genara na ambaye hana haraka na jambo lolote, alingoja mpaka baba ajaze mdomo.

"Severino, hivi maji ya lile ziwa yakoje?"

Baba hakushtuka. "Mazuri. Yana baridi kidogo miguuni, lakini ukishalala, ni kama godoro la..."

"La bibi yako. Bibi yako yupi? Mmoja alilala kwenye ngozi mpaka akafa, na mwingine hukumjua."

Baba akatazama supu yake.

"Hebu sema ukweli, mzee. Umewahi kuingia?"

Akapuliza kijiko, ingawa supu ilikuwa imeshapoa. "Dereva haachi gari."

"Miaka thelathini na moja?"

"Gari ni kubwa, Genara."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Lakini nilipofuta macho niliona mama hacheki. Alikuwa anakata mkate vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Na mimi je?" akasema. "Watu wanatoka Korea, wanapanda ndege mbili, tatu, waje walale juu ya maji yaliyo nusu saa kutoka jikoni kwangu. Mimi najua tu taulo zao. Zinakuja nyumbani zimekauka kama mbao, nazifua. Chumvi ya lile ziwa naijua kwa kuifua."

"Si ungesema unataka kwenda?"

"Si ungeniuliza?"

Hapo ndipo nilipofanya niliyoyafanya. Jioni nilifungua orodha ya abiria wa safari ya Alhamisi mchana, Bonde la Mwezi na ziwa, nikaandika: Genara Cenzano, Severino Puca. Usukani nikampa Yovana, ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha miaka kumi iliyopita, mara nyingi kwa kumpigia kelele. Na mimi nikajiombea ruhusa nusu siku, maana bila msimamizi baba angetoroka.

Alijaribu. Alhamisi aliamka na goti bovu. Saa tatu goti likapona, likafuata jino. Saa sita jino likatulia na baba akakumbuka kwamba lazima amwagilie miti ya matunda.

"Mwagilia," mama akamwambia. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya pama na mfuko wa plastiki wenye vazi la kuogelea aliloazima kwa Yovana. "Mimi nitakwenda peke yangu na wanaume wa Korea."

Baba akachukua kofia.

Ubaya wa mji wetu ni kwamba ofisi zote ziko mtaa mmoja, na mtaa huo hauingii gari, kwa hiyo kila mtalii anapita kwa miguu mbele ya kila mtu. Muuza sweta alikuwa wa kwanza kuwaona wamepanga foleni na wageni.

"Karibuni San Pedro!" akapaza sauti. "Mmetoka nchi gani?"

"Nyamaza, Hilario," baba akasema.

"Lo, anajua lugha yetu! Mzee, usisahau kunywa maji mengi, hapa ni juu sana, wageni huumwa kichwa. Na mkeo umpake mafuta ya jua."

Mama akamgeukia kwa heshima zote. "Asante, kijana. Hizi sweta ni za sufu kweli, au ni zile zinazotoka kiwandani?"

Mtaa mzima ukacheka, na Hilario akaingia dukani kwake.

Ndani ya gari baba alikaa kiti cha nyuma ya dereva, na tangu tulipoondoka mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Kila kona alivuta pumzi kwa meno.

"Mzee Severino," Yovana akasema bila kugeuka, "ukinivutia pumzi tena nitakushusha."

"Nimesema kitu?"

"Umesema kwa mguu."

Kiongozi wa safari alikuwa Renzo, kijana mpole kutoka Santiago mwenye nywele ndefu, aliyefika mjini miezi minne tu iliyopita na aliyelipenda jangwa kwa nguvu zake zote. Alitaka kila abiria aseme jina na alikotoka. Kulikuwa na vijana wawili wa Korea, mama na binti kutoka Ujerumani, na mwalimu mstaafu kutoka Uruguay. Zamu ya baba ilipofika, akasema kwa sauti ndogo, "Severino. Natoka nyumba ya tatu baada ya kanisa." Wageni walidhani ni mzaha, wakapiga makofi.

Bonde la Mwezi lilikuwa tupu na safi siku ile, chumvi imechomoza kwenye ardhi nyekundu kama ukoko wa unga. Tulitembea kwa miguu mpaka kwenye mawe mawili marefu yaliyosimama yameinamiana, na hapo Renzo akanyanyua mkono tunyamaze.

"Mawe haya," akasema kwa unyenyekevu, "wenyeji huyaita Makuhani Wawili. Hadithi hii ni ya zamani mno. Wazee wa hapa huirithishana tangu enzi na enzi. Makuhani wawili walimpenda mwanamke mmoja mfuga lama, wakagombana hapa siku tatu bila kunywa maji, mpaka mlima Licancabur ukakasirika ukawageuza chumvi."

Binti wa Kijerumani aliandika kwenye daftari. Mimi nilimtazama baba. Baba alitazama viatu vyake.

Hadithi hiyo naijua ilikozaliwa. Nilikuwa mdogo, baba alirudi nyumbani akijisifu: gurudumu lilipasuka bondeni, akakaa saa mbili juani na Wajerumani kumi na mmoja wenye hasira, akaona heri awatungie kitu. Mwanzoni kuhani alikuwa mmoja. Wa pili alizaliwa mwaka uliofuata, na mwanamke mfuga lama alipatikana baadaye kidogo, kwa sababu bila mwanamke watu walisinzia. Tangu hapo hadithi ilipita kutoka dereva hadi dereva, na sasa ilikuwa imemrudia mwenyewe, imevaa ndevu.

"Mama," yule mwalimu wa Uruguay akamgeukia mama yangu, "wewe ni wa hapa. Na wewe uliisikia kwa bibi yako?"

Baba akakohoa. Mama akamtazama mume wake muda wa kutosha ili ateseke, kisha akasema:

"Bibi yangu hakuniambia habari za makuhani. Bibi yangu alikuwa anakata chumvi hapa."

Wageni wakamgeukia.

"Hapa hapa?" Renzo akauliza.

"Pale nyuma yako, kwenye lile shimo. Walikuwa wanakata vipande kwa shoka, wanawafungia punda mgongoni. Haya mawe mawili walikuwa wanayaita Mabega. Mtu akichoka, anaegemeza mzigo hapa katikati bila kuutua chini, maana ukishautua chini, nani atakunyanyulia? Anapumua, anauchukua tena." Akaenda, akageuza mgongo, akajibanza kati ya mawe yale, na kumbe palikuwa na mahali palipolainika, kwenye urefu wa bega hasa la mtu mfupi kama yeye. "Nililetwa hapa nikiwa na miaka sita. Bibi aliniambia nikae kivulini nisiguse kitu. Nikalamba jiwe. Nikalamba siku nzima, kwa kuwa lilikuwa tamu kuliko chakula chetu. Jioni nilikunywa maji yote ya punda, na bibi akanichapa mbele ya punda ili naye aone haki imetendeka."

Wageni walicheka, kisha mmoja mmoja wakaenda kujaribu kuegemea pale. Renzo hakucheka. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mama Genara, basi mimi nimekuwa nikiwaambia watu..."

"Ulichoambiwa, mwanangu. Wewe huna kosa. Kosa lina kofia ya kahawia."

Baba alivua kofia yake ya kahawia, akaitazama, akaivaa tena. Tuliporudi kuelekea gari alimkaribia mama, nami nikapunguza mwendo ili nisikie vizuri.

"Ulikuwa unajua miaka yote hii?"

"Nilikuwa najua."

"Nimekuwa nikipita na uongo wangu mbele ya mtu mwenye ukweli, na hukunena? Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi nyumbani umechoka kuongea," mama akasema. "Maneno yote ulikuwa umeshawapa Wajerumani."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke mjini mguu wake haukugusa breki mpaka tukafika ziwani.

Ziwa lilikuwa la buluu, limezungukwa na ukingo mweupe, na mbele yake mlima Licancabur umekaa wote, hadi miguuni. Mama alitoka kwenye kibanda cha kubadilishia nguo na vazi la Yovana, jekundu, lenye maua makubwa kifuani. Kofia hakuivua. Ana miaka sitini na tatu, miguu yake ni myeupe kuliko uso wake kwa sababu haijawahi kuona jua, na alitembea mbele ya wageni wote kama anayekwenda kisimani. Baba alikuwa na bukta ya timu ya mpira ya mji, ya zamani, na viatu.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Lazima mtu abaki alinde vitu."

"Vitu gani?"

"Viatu."

"Viatu ni vyako, baba, na umevivaa."

Mama aliingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, akapiga kelele ndogo ya baridi, akajiachia kinyumenyume. Na ziwa likampokea. Miguu ikaibuka mbele, kofia nyuma, maua mekundu katikati. Akanyanyua mikono akaitazama kama ya mtu mwingine, kisha akaanza kucheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani, la chini, lisilokoma.

"Severino! Sina uzito!"

"Naona!" baba akajibu kutoka ukingoni. Hajui kuogelea. Nani angemfundisha, jangwani? Nadhani ndiyo sababu alimtunga bibi na godoro lake: mwanamume anayeogopa maji ya kiunoni afadhali awe na bibi mwenye godoro.

Upepo wa alasiri kwetu hauna adabu. Unaanza saa tisa bila kubisha hodi. Ulimkuta mama amelala chali na kofia pana, ukamchukua kama karatasi, polepole, kuelekea upande wa pili ambako ukoko wa chumvi ni mkali kama vigae. Nilimwona anajaribu kusimama. Kwenye maji yale kusimama ndiko kazi, unasukuma miguu chini nayo inarudi juu. Akajaribu mara moja, mara mbili.

"Genara!" baba akaita. "Rudi!"

Mama akapunga mkono. Sisi tuliojua tulisoma kwamba anasalimia. Baba alisoma kwamba anakufa.

Aliingia na viatu. Aliingia mbio, maji yakiruka pande zote, na alipofika kiunoni miguu ikamtoka chini akaanguka uso mbele. Wageni walipiga kelele. Nami nilishaanza kukimbia. Lakini ziwa halikumtaka chini. Likamgeuza likamrudisha juu, mgongo kwanza, kisha tumbo, anatema chumvi, macho amefumba, masharubu yamelala, viatu viwili vimesimama angani kama chupa.

"Ninakuja!" alikuwa anasema, akizunguka mahali pamoja. "Usiogope! Ninakuja!"

Mama alipiga makasia kwa viganja, akamfikia bila taabu yoyote, akashika kamba ya kiatu.

"Wewe nani?" akamwuliza.

"Nimekuja kukuokoa."

"Naona. Usifungue macho. Na usijisugue, itawasha zaidi. Lala."

"Nitazama."

"Umejaribu ukashindwa, mzee. Lala."

Akalala. Niliona vidole vyake vinaachia maji kimoja kimoja. Mama alimvuta kwa kamba ya kiatu mpaka mahali upepo usipofika, chini ya ukingo, na hapo akaiacha kamba akamshika mkono. Walikuwa karibu nami, hatua chache, na nilipaswa kuwapa nafasi, lakini mimi ni mtoto wao na sikuwapa.

 Hatimaye baba akafungua jicho moja, akautazama mlima.

"Siyo kama godoro," akasema.

"Ni kama nini basi?"

Alifikiri. Baba akifikiri kweli masharubu yake hutulia. "Kama kubebwa na mtu ambaye hajachoka."

Mama hakumtania. Alimtoa chumvi kwenye nyusi kwa kidole gumba, na baada ya hapo hata mimi niliona haya, nikaenda kukaa na Yovana.

Walitoka wakitetemeka. Chumvi ilipokauka baba alikuwa mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na vijana wa Korea walimwomba picha. Viatu vyake vilikauka vikawa vigumu, akatembea navyo kama mtu aliyevaa mitungi. Njiani kurudi hakuna aliyelala. Baba alimwambia mama, mbele ya watu wote, "Habari ya wale punda, endelea," na mama akaendelea: jinsi walivyopewa majina ya mashangazi, jinsi mmoja alivyojua njia ya kurudi peke yake akafika na chumvi yote mlangoni kwa mtu mwingine. Renzo alikaa amegeuka nyuma safari nzima, kidevu juu ya kiti. Baba hakumkatiza mama hata mara moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza injini, na mara mbili akauliza swali.

Wiki iliyofuata mwenye ofisi alimwomba mama awe kiongozi wa safari za Bonde la Mwezi. Mama alikataa. Alisema ameshapika na kufua kwa ajili ya watalii miaka ya kutosha, sasa anataka kuwa mmoja wao. Kwa hiyo baba ndiye anayeieleza habari ya Mabega. Renzo aliniambia kwamba mara ya kwanza baba aliposhuka kwenye gari na kusimama mbele ya wageni alisahau nusu, akawaambia wangoje, akapiga simu nyumbani.

Empanada sasa tunanunua kwa jirani, na si nzuri.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya mchanga. Mama alikuwa ameona vijana wakiteremka kwenye matuta marefu wamesimama juu ya mbao, akauliza inafanywaje, akaambiwa ubao unapakwa nta na mtu anajiachia. Tulimpeleka wote. Tuta ni refu kuliko linavyoonekana, na ubao aliubeba baba, begani, akisimama kila hatua kumi.

"Umechoka?" mama akamwuliza kutoka juu.

"Natazama mandhari!"

"Umeyageuzia mgongo!"

Akageuka, akayatazama, akahema, akapanda tena. Kileleni walibishana kidogo kuhusu mguu upi utangulie. Mwishoni mama aliamua kukaa. Alikaa mbele, akakunja sketi katikati ya magoti, akapiga ubao kwa kiganja nyuma yake.

"Mimi nitakuja kwa miguu," baba akasema.

"Njoo kwa miguu. Tutaonana chini, mwezi ujao."

Baba alitazama chini. Akanitazama mimi, nami nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kisha nikasikia ubao ukilia kwa uzito wa mtu wa pili, na sauti ya baba ikisema, "Polepole, Genara, polepole, mwanzoni pole..." na neno hilo hakulimaliza mpaka walipofika chini.